Bata Wenye Paji la Maziwa

Biliqo, Jumamosi, 1 Oktoba 1983
Mvua: sifuri.
Hili ni daftari langu mwenyewe. Kadi ya mvua ndiyo ya serikali. Kila asubuhi saa tatu nawaachia watoto hesabu ubaoni, naenda nyuma ya ofisi, nafungua kipimo cha mvua na kuandika kwenye kadi nilichokikuta. Mwisho wa mwezi kadi inachukuliwa na lori lolote linaloelekea Isiolo mjini. Kwenye kadi hakuna nafasi ya kuandika kwamba mtu amechoka kuandika sifuri. Hapa nafasi ipo.

3 Oktoba
Sifuri. Upepo na vumbi. Chaki imekwisha.

6 Oktoba
Sifuri.
Baba amehamia karibu nasi. Baba yangu ni Jaldesa Chachu, na kama hujamsikia basi wewe si wa upande huu, maana hakuna kikao cha wazee kati ya hapa na Merti ambacho hajakaa mbele. Amekuja na mdogo wangu Dullo, na Kabale mke wa Dullo, ambaye ana mimba ya miezi sita, na ng'ombe ishirini na watatu. Mwaka jana walikuwa zaidi ya mia. Nilitoka kuwapokea nikawa natazama nyuma yao, nikisubiri wengine watokee kwenye vumbi, mpaka Dullo akanishika bega.
"Usiangalie sana, dada. Ni hao tu."
Ng'ombe wana mbavu za kuhesabika. Baba amesalimia kwa sauti ileile ya zamani, kana kwamba ana mia nyuma yake. Nilimpenda kwa hilo, na lilinitia uchungu pia.

7 Oktoba
Sifuri. Dullo ameanza kuniita Mwalimu Sifuri. Nimemwambia mtu wa miaka ishirini na mbili asiyejua kusoma asimcheke dada aliyepigania ng'ombe mmoja auzwe ili yeye apelekwe shule, naye akakataa kwa kulia siku mbili. Akasema, "Si nililia kwa sababu hiyo ng'ombe ilikuwa yangu?" Kabale alicheka mpaka akashika tumbo.

13 Oktoba
Sifuri. Ng'ombe wawili wamelala na hawakuamka. Ishirini na mmoja.

19 Oktoba
Sifuri. Mto Ewaso hapa umekuwa mchanga. Wanawake wanachimba, maji yanatoka ya rangi ya chai. Kumebaki dimbwi moja tu kubwa, pale kwenye kona ya mto, na majani machache kando yake.

Jumatatu, 24 Oktoba
Sifuri.
Bata wamefika. Nilisikia mluzi kabla sijawaona: sauti nyembamba inayopanda na kushuka, huku na huku, kisha kundi likazunguka dimbwi mara mbili na kutua. Ni wale wadogo wa kila mwaka. Dume lina kichwa chekundu cha udongo, na juu ya paji la uso lina alama pana yenye rangi ya maziwa ya kukamua sasa hivi. Jike ni la kahawia tu, kama sisi wengine tufanyao kazi.
Mwalimu mkuu, Bwana Mutembei, ni Mmeru, na yeye akiona bata anaona kitoweo. "Mwalimu Gumato, hawa ndugu zako watu wa ng'ombe wanakufa njaa na nyama imetua mlangoni!" Nimemwambia jirani zangu watakula viatu kwanza. Ndege si chakula cha mtu mwenye ng'ombe. Alicheka, akaenda kutafuta manati.
Niliwachukua darasa la sita mpaka ukingoni, wote thelathini na mmoja. Niliwaeleza kama kitabu kinavyoeleza: kwamba bata hawa wanatoka mbali sana kaskazini, kwenye nchi za barafu, na wanakuja kwa sababu kule baridi inawafukuza. Kwamba hawajui lolote kuhusu mvua yetu. Mtoto mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, wakifika na kukuta kavu?" Nikasema wanasonga mbele, wana mabawa.
Jioni nilifungua daftari zangu za nyuma, maana huwa naandika pembeni siku wanapotua. 1979, walikuja, mvua ikaja. 1980, walikuja, mvua haikuja. 1981, walikuja, mvua kidogo. 1982, walikuja, mvua ikaja. Wanakuja tu.

25 Oktoba
Sifuri. Baba alikaa ukingoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri akiwatazama. Hawa bata hawafanyi kama bata wengine, wanaochovya vichwa majini na kubinua mikia. Wanapanda nchi kavu, wanatembea pamoja, wanakata majani kwa midomo, wote wakielekea upande mmoja. Wanachunga. Niliona uso wa baba ukichangamka. Sijauona hivyo tangu afike.

Alhamisi, 27 Oktoba
Sifuri.
Leo alasiri wazee walikaa kwa baba. Tulijua ni kuhusu kuhama. Mimi nilipeleka chai, ya rangi, maana maziwa tumeyasahau, nikakaa nyuma karibu na mlango na Kabale. Dullo alikaa na vijana.
Wazee wengi walitaka kungoja. Mzee Huka, ambaye ni jirani na mpole wa maneno, alisema jambo linalojulikana na kila mtu: ng'ombe hawaendi mahali ambapo jicho la mtu halijafika. Kwanza unapeleka mtu, anatembea siku tatu, nne, anaonja majani, anaangalia maji, anarudi kusema. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Alijitolea kumtoa mwanawe Duba aende mbele.
Baba akasema, "Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi. Mimi kwa siku sita sitakuwa na ng'ombe ya kuhamisha. Na kwa nini nitume mtu? Mwenye kuangalia malisho ameshakuja."
Akaonyesha dimbwi kwa fimbo.
"Mmeona hii ndege? Haili samaki, haili wadudu. Inakula majani, inachunga kama ng'ombe, na Mungu ameipaka maziwa kwa uso. Ndege ya kuchunga haiwezi enda mahali hakuna majani. Jana jioni nusu wameruka wameenda huko," akaelekeza mashariki, kwenye kinamasi cha Lorian, "na hawajarudi. Lorian kuna majani. Na mvua ya hagaya, ya msimu huu, inakuja nyuma yao."
Wazee walikuwa bado hawajaamua. Mzee Huka alikuwa anafungua mdomo.
Ndipo baba alipogeuka na kuniita mimi. Mbele ya wazee wote. Katika maisha yangu sijawahi kuulizwa neno kwenye kikao cha wanaume.
"Gumato. Wewe unaandika mvua ya serikali. Waambie. Hii ndege si huja na mvua?"
Macho yake hayakunitoka usoni. Niliona mzee wa ng'ombe ishirini na mmoja akiwa mbele ya watu waliomjua na mia. Niliwaza 1980. Nilikuwa na 1980 mdomoni kabisa.
Nikasema, "Huja, aba."
Wazee wakaitikia kwa koo. Basi. Likaisha.
Watoto thelathini na mmoja niliwaambia ukweli siku ya Jumatatu. Baba yangu nilimwambia huja.

Ijumaa, 28 Oktoba
Sifuri.
Baada ya sala ya Ijumaa nilimfuata Dullo kwenye boma la ng'ombe. Nilimwambia yote: nchi za barafu, daftari, 1980. Alikuwa anafunga kamba ya kiriba, hakuacha kufunga.
"Najua, dada."
"Unajuaje wewe?"
"Mtoto mmoja wa darasa lako la sita alinisimulia kisimani. Nikakumbuka ule mwaka tulikula mizizi. Hii ndege ilikuwa hapa, inapiga mluzi tu."
Nikamwambia basi akatae. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.
"Wewe mwenye kusoma umeshindwa. Mimi nitasimama mbele ya wazee niseme baba yangu hajui? Hiyo aibu tutaiweka wapi?" Kisha, kwa upole zaidi: "Mwambie wewe, dada. Pembeni. Wewe anakusikia."
Nilisema nitamwambia jioni. Jioni baba alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike, akimfundisha Kabale jina la kila ng'ombe ili ajue kuwapokea wakirudi wamenona. Nikasema moyoni, kesho alfajiri.

29 Oktoba
Sifuri. Alfajiri walikuwa wameshaondoka. Dullo na Duba wa Mzee Huka, na ng'ombe ishirini na mmoja wetu na tisa wa Huka. Nilikuta kinyesi chao kikiwa bado cha moto.

31 Oktoba
Sifuri. Kadi ya mwezi: sifuri mara thelathini na moja. Dereva wa lori amecheka alipoiona. Sikucheka naye.

2 Novemba
Sifuri. Bata waliobaki wameruka leo. Wote mashariki. Baba alinionyesha kwa fimbo, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

5 Novemba
Sifuri.

9 Novemba
Milimita mbili! Ilinyesha alfajiri kwa muda wa kuchemsha chai. Watoto walitoka madarasani wakacheza kwenye tope lisilofika kwenye vidole. Baba alisimama nje bila shuka, analowa. Alisema, "Nilisema nini?" Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini. Niliomba niwe mimi ndiye mjinga na yeye ndiye mwenye kujua. Sijawahi kuomba kitu hicho hapo nyuma.

10 Novemba
Sifuri. Ardhi imemeza yote.

14 Novemba
Sifuri. Darasa la saba wameanza mtihani wa CPE, wa kumaliza shule ya msingi. Swali moja liliuliza faida tatu za mito. Mvulana mmoja ameandika mchanga.

17 Novemba
Sifuri. Kabale anauliza kila jioni Lorian ni siku ngapi. Namwambia ng'ombe dhaifu hutembea polepole. Si uongo, lakini nimejichoka.

Jumatatu, 21 Novemba
Sijaenda kwenye kipimo leo.
Duba amerudi. Peke yake, kwa miguu, midomo imepasuka. Alipita nyumba yao wenyewe bila kuingia akaja kwa baba kwanza, tukajua kabla hajasema.
Alikunywa maji kidogo kidogo. Baba hakumharakisha. Kisha alisema, na nitayaandika alivyoyasema.
"Aba, tulifuata ndege. Siku ya saba tukafika Lorian. Hakuna majani. Kuna tope tu, kubwa, na katikati maji kidogo, na hiyo ndege imekaa juu ya maji. Ng'ombe ilisikia harufu ya maji ikakimbia. Ikaingia kwa tope. Zote. Tukashika mikia, tukashika pembe, tukavuta siku mbili. Dullo hakutoka kwa hiyo tope siku mbili. Alitoa nne. Ndege ikaruka ikaenda, sijui wapi. Hizo nne tukarudi nazo. Dullo alikuwa amekunywa hiyo maji, tumbo ikamshika. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Nilimbeba. Sio sana, aba, nilikuwa mimi pia sina nguvu. Amekufa asubuhi, chini ya mti, akielekea kibla. Nimemzika na mikono. Mawe niliweka mengi."
Baba aliuliza, "Alisema kitu?"
"Alisema nimsalimie Kabale. Na dada yake, alisema nimwambie dada asijali."
Asijali. Dullo, mdogo wangu, nimekaa na neno hilo tangu asubuhi na sijui niliweke wapi. Kabale hakulia. Aliinua masufuria moja moja akayaosha, yaliyokuwa safi, kwa maji tusiyokuwa nayo, na hakuna aliyemzuia.

22, 23, 24 Novemba
Matanga. Watu wengi. Sifuri zote tatu, Bwana Mutembei amenisaidia kuangalia. Hakutania. Alileta kilo mbili za sukari na kukaa na wanaume akiwa ndiye Mkristo peke yake, kofia mkononi.

26 Novemba
Sifuri.
Leo nimesikia baba akisema na wageni waliotoka Merti. "Kijana alipotea. Ndege walishika mkono wa kushoto wa mto, yeye akashika kulia. Angewafuata vizuri angefika kwenye majani."
Nilikuwa na birika mkononi. Nililiweka chini.
Duba alikuwepo. Alitazama miguu yake. Ni kijana, na Jaldesa Chachu ndiye aliyesema.

3 Desemba
Sifuri. Sasa watu wote wanasema hivyo. Dullo aliyepotea. Mwanamke mmoja kisimani aliniambia kwa huruma, "Pole, mama, vijana wa siku hizi hawajui njia." Dullo, aliyeweza kumtafuta ndama gizani kwa kugusa nyayo.
Wahenga wetu wa Kiswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimewafundisha watoto methali hiyo miaka tisa. Ni nani atakayenipa ya yule aliyelisikia?

11 Desemba
Sifuri. Namchukia baba. Nimeandika, litakaa hapa.

12 Desemba
Sifuri. Leo nilimwona akiwa amekaa ukingoni mwa dimbwi, ambalo sasa ni ufa tu. Shuka lake limemlegea mabegani. Anakonda. Chuki ya jana sikuipata tena, niliitafuta.

20 Desemba
Sifuri.
Kabale amezungumza. Tulikuwa tunapepeta mahindi ya msaada, yale ya njano.
"Dada, ni kweli alipotea?"
"Nani kakuambia?"
"Wote. Mtoto wangu ataitwa jina lake, kisha Dullo. Kila mahali atakapokwenda, watamuuliza, Dullo yupi? Watajibu wenyewe, yule aliyepotea njia akaua ng'ombe ya baba yake." Aliokota mawe mawili kwenye mahindi akayatupa. "Kama ni kweli nitanyamaza. Nataka kujua tu."
Kwetu jina la baba ndilo linalokufuata nyuma mpaka kaburini. Sisi hatuna jina jingine la kujikinga nalo. Nilimwambia Kabale ukweli wote, pamoja na neno langu kwenye kikao. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu kwa mdomo. Alichukua ungo wake akaenda kupepeta upande mwingine wa nyumba, na nilistahili.

1 Januari 1984
Sifuri. Mwaka mpya, kadi mpya.

8 Januari
Sifuri. Wale ng'ombe wanne hawakufika. Duba aliwaacha kwa watu wa kambi moja njiani, na leo habari imekuja kwamba wamekufa. Kwa hiyo sasa baba yangu hana ng'ombe hata mmoja. Alipoambiwa alisema, "Sawa," akaendelea kuchonga fimbo, kama yupo wa kumchunga.

Ijumaa, 13 Januari
Sifuri.
Kabale amejifungua mtoto wa kike leo adhuhuri, mzima, mwenye masikio ya Dullo. Mungu ametupa kitu kimoja.
Baba alimshika. Nilijua siku ya saba wazee watakuja mtoto apewe jina. Nilijua nikingoja tena alfajiri, nitachelewa tena.

Jumapili, 15 Januari
Sifuri.
Nimemwambia.
Alikuwa kivulini nyuma ya nyumba yangu. Nilikaa chini, mbali kidogo, kama binti anavyokaa.
"Aba, siku ile kwenye kikao uliniuliza. Nilikudanganya. Nilikuwa najua. Hawa ndege huja mvua ije, isije. Nimeandika miaka yote. Na Dullo alijua. Nilimwambia, na alikuwa anajua hata kabla yangu. Alienda kwa sababu wewe ulisema. Hakupotea, aba. Alikufuata wewe."
Nilingoja fimbo. Miaka thelathini na nne ninayo, bado niliingoja.
Hakuinua chochote. Alisema, kwa sauti niliyolazimika kuisogelea:
"Mimi pia niliona huo mwaka wa mizizi. Unafikiri mimi nilisahau?"
Sikuelewa mara moja.
"Sikukuuliza ndio nijue, Gumato. Nilikuuliza ndio wao wasikie. Ungesema hapana, ningekufukuza mbele yao, na ng'ombe ingeenda tu." Akapangusa uso na pembe ya shuka. "Lakini ungesema hapana, labda Huka angekataa."
Hiyo "labda" ndiyo yangu. Nitaibeba. Yake ni nzito zaidi, na nimeiona leo mgongoni kwake. Tulikaa pale mpaka jua likazunguka upande wetu, tukalia, yeye kimya, mimi kwa sauti.
Hakuahidi kitu. Sikumwomba.

17 Januari
Sifuri. Shule imefunguliwa. Watoto tisa hawajarudi.

Ijumaa, 20 Januari
Sifuri.
Siku ya saba. Hatuna mbuzi, Bwana Mutembei alimleta mmoja kutoka kwa shemeji yake na kumpa Mzee Huka amchinje, akasema ni wa shule. Shule haina mbuzi.
Wazee walikaa palepale walipokaa mwezi wa kumi. Mimi nilikaa mlangoni. Kabale alikuwa ndani, nyuma ya mkeka uliosimamishwa, na mtoto kifuani. Dua ikasomwa. Mzee Huka akamwambia baba, kwa upole wake, kwamba mtoto wa marehemu ni mtoto wa wote, na hata kama baba yake alikosa njia, Mungu hakosi njia. Wengine wakaitikia.
Baba alisimama. Mtu hasimami kutoa jina, hutoa akiwa amekaa. Alishika fimbo kwa mikono miwili.
"Huka, ngoja. Mimi niliharibu. Wewe ulisema tutume mtu, mimi nikasema ndege inatosha. Nilikuwa najua ndege haitoshi. Nilikuwa naona haya ya ng'ombe ishirini na moja. Huyu msichana yangu nilimlazimisha kwa macho aseme ndio, na nyinyi nyote mliona macho yangu mkanyamaza." Akapumua. "Dullo hakupotea. Dullo alifika mahali nilimtuma."
Hakuna mzee aliyemwangalia. Duba, kule kwa vijana, alifunika uso kwa mikono yake miwili. Nyuma ya mkeka nilimsikia Kabale akilia, kilio ambacho hakukilia mwezi wa kumi na moja, na mtoto akaamka akalia naye.
Baba alingoja mtoto anyamaze. Kisha akakaa chini, polepole, akalitoa jina.
"Bisharo."
Mzee Huka akauliza, kama inavyopasa, "Bisharo wa nani?"
"Bisharo Dullo," baba akasema, na wazee wakalirudia lote, mmoja baada ya mwingine, mpaka likafika mlangoni kwangu.